Mawese Juu ya Tapi

Mwenye nyumba wetu alikuwa akibisha hodi kwenye nyumba yake mwenyewe kwa adabu kuliko mgeni yeyote niliyewahi kumpokea. Aligonga, akarudi nyuma hadi kwenye ngazi, akavua viatu kabla mlango haujafunguliwa. Nilipochungulia nilimkuta mzee mrefu amesimama na soksi, viatu mkononi, anatazama juu utadhani amekuja kukagua mawingu. "Mama Riziki, minaweza ingia?" Ningejibu nini, na nyumba ni yake? Nilisema karibu, ingawa nilijua macho yake yanaelekea wapi. Hakunitazama mimi wala watoto. Alitazama chini.

Sitaeleza alizaliwa wapi wala ni mtoto wa nani, maana sikuwahi kumuuliza, na yeye hakuwa mtu wa kusimulia hayo. Nilimjua miaka mingi kama mwenye nyumba, basi. Watoto wangu walimwita Bayeri, yaani mwenye nyumba, neno la Kifaransa ambalo mji mzima ulikuwa umeshalifanya lake. Nikimkumbuka leo bado uso unaniwaka moto, na sijui kama ni haya yangu au ni yake ninayoendelea kuibeba.

Nyumba ilikuwa Bujumbura, mtaa wa Mutanga Sud, karibu na chuo kikuu, na sebule yake ilikuwa na zulia lililoenea ukuta hadi ukuta. Sisi wote tuliliita tapi. Lilikuwa na rangi ya chai yenye maziwa mengi. Lililetwa na mwalimu mmoja Mzungu wa chuo aliyekuwa akipanga pale, na vita vya Burundi vilipoanza akaondoka na masanduku yake akaliacha. Sisi tulifika baadaye, tukitoka Uvira, upande wa Kongo, na mabegi na sufuria, baada ya vita vya kwetu navyo kutufukuza. Mume wangu alipata kazi ya ufundi wa magari mjini. Nyumba ya heshima kama ile hatukuistahili hata kidogo, lakini wenye uwezo waliokuwa wakipanga mitaa ile walikuwa wamekimbilia nje, na mwenye nyumba alitaka watu ndani kabla wezi hawajaingia. Kodi aliishusha. Masharti ya tapi hakuyashusha.

Siku ya kwanza alitutembeza chumba kwa chumba, na tulipofika sebuleni akavua na soksi. Alilikagua zulia kwa nyayo, akiburuta mguu polepole, amefumba macho. Mume wangu akanikonyeza. Mimi nilikuwa naangalia miguu ya watoto wangu, ambayo ilikuwa imetoka kukanyaga vumbi la barabara yote.

"Munisikilize," akasema. "Kuchakaa ni ju ya mwenye nyumba. Kuharibu ni ju ya mupangaji. Mutu akitembea, tapi inachakaa, sitamuuliza kitu. Lakini akimwanga chai, akiunguza, akikata, hiyo ni kuharibu."

"Na mutoto akicheza, Mzee?" mume wangu akauliza, kwa utani.

Akafikiri. "Kucheza ni kutembea. Kuruka ni kuharibu."

Mume wangu akacheka. Yeye hakucheka. Akatutaka tuyarudie maneno yale, mimi na mume wangu, mmoja mmoja, kama watoto wa katekisimu, na tukayarudia. Mtu mzima, mama wa watoto wanne, nimesimama katikati ya sebule nakariri tofauti ya kuchakaa na kuharibu. Nilijikaza nisilie, kwa sababu tulikuwa tumelala wiki nzima kwenye varanda ya watu.

Alikuwa na haki yake, sikatai. Mwenye nyumba asiyetofautisha mambo hayo mawili atamtoza mpangaji hata jua lililofifisha pazia, na wapo wa namna hiyo. Huyu wetu alikuwa na kipimo, na kipimo chake hakikumpendelea hata yeye mwenyewe. Risasi moja iliyopotea njia iliingia sebuleni kwetu ikatoboa zulia karibu na kiti cha mume wangu, ambaye kwa bahati alikuwa ameinuka kwenda kunywa maji. Mwenye nyumba alipokuja alipiga magoti, akaingiza kidole cha mwisho ndani ya tundu.

"Dirisha lilikuwa wazi ao lilifungwa?"

"Lilifungwa, Mzee. Si unaona kioo."

Akakitazama kioo kilichovunjika. "Basi ni ju yangu. Risasi ikipita mu kioo ni ya mwenye nyumba. Ingepita mu dirisha wazi, ingekuwa yenu."

Tangu siku hiyo tulilala madirisha yamefungwa, katika joto lile la Bujumbura, tukitoka jasho kama tunapikwa. Nilipowasimulia wanawake sokoni walicheka hadi wakajifuta machozi. Sikuwaambia lililofuata. Kesho yake alirudi na kioo kipya amekifunga kwenye blanketi, amekipitisha kwenye vizuizi vyote vya askari, akakipachika mwenyewe. Kisha akafungua kabati la ukutani, akakata kipande cha zulia kutoka ndani kabisa, mahali ambapo hakuna anayekanyaga, akakishona juu ya tundu kwa sindano ya magunia. Ukipita huoni kitu. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake kila palipoharibika: aliiba kwenye giza la kabati akaweka kwenye mwanga.

Jambo lililonichoma zaidi ni viatu. Kila aliyeingia kwetu alivua mlangoni, na vita havikumwachia mtu soksi nzuri. Jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, mwanamke mwenye mdomo usiopumzika, alitangaza mtaani kwamba kwa Mama Riziki ni kama musikiti, unavua viatu ju ya kukunywa chai. Nilicheka naye, ingawa ndani niliungua. Halafu akaja shemeji yangu mkubwa kutoka Uvira, mtu mzima, kiongozi wa ukoo, ametusafiria kwa taabu. Nikamwomba avue. Soksi yake moja ilikuwa na tundu, na vidole vilichungulia nje. Alikaa muda wote miguu ameikunja chini ya kiti, akajibu maswali kwa neno mojamoja, akaondoka kabla ya chakula. Hakurudi tena nyumbani kwangu. Mume wangu hakunilaumu, lakini kuna jioni nilimwona ameketi peke yake analitazama lile zulia kama mtu anayetazama ng'ombe wa jirani ndani ya shamba lake.

Ungeweza kumchukia mzee yule, nami nilijaribu. Alinivuruga kwa ukarimu wake. Tajiri wa mume wangu alipokimbia nchi na karakana ikafungwa, tulikaa miezi bila kulipa kodi. Mwenye nyumba alikuja kama kawaida, viatu mkononi, akakagua, akasifu pembe ambayo nilikuwa nimeisafisha kwa ndimu, akaaga. Kodi hakuitaja. Nilipofunga mlango nilikuta kwenye ngazi, pale alipokuwa ameweka viatu, ndagala, wale dagaa wa ziwani, wamefungwa kwenye jani la mgomba. Safari nyingine ilikuwa unga. Wiki hiyohiyo alimfokea binti yangu kwa tone la chai hadi mtoto akajificha uani. Sikuelewa binadamu anayekusamehe kodi halafu akakosa usingizi kwa tone la chai.

Nilikuja kuelewa siku aliyokubali kunywa chai yenyewe. Alikunywa kama padri, kisahani chini ya kidevu. Mvua ilikuwa inanyesha, hakuweza kuondoka, na mdomo ukamfunguka.

"Mukecuru wangu anaipendaka sana hii tapi," akasema. Mukecuru, yaani bibi kizee, ndivyo alivyomwita mke wake kwa Kirundi, kwa sauti laini kuliko unavyofikiri. "Ule Muzungu wakati alienda, tulikuja kuona nyumba. Mukecuru akatoa viatu, akazunguka yote, anacheka tu kama musichana. Akasema, kijana akimaliza masomo tutakuja kulala hapa."

Kijana wao pekee alikuwa anasoma Ulaya. Kodi yetu, tulipokuwa nayo, ndiyo iliyokuwa inamsomesha, na wao wawili walikuwa wakiishi kule Cibitoke, kaskazini mwa mji, katika nyumba ndogo ya sakafu ya saruji, kelele za seremala upande mmoja na fundi wa baiskeli upande mwingine. Hawakuwahi kulala hata siku moja katika nyumba yao ya Mutanga. Basi zulia lile hakuwa analitunza kwa ajili yake mwenyewe. Alikuwa analiweka kwa ajili ya mke wake. Nilimwelewa, na niliona haya kwa yote niliyomsema sokoni, lakini soksi za shemeji sikuweza kuzisahau.

Mapigano yaliporudi kaskazini mwa mji, watu walishuka kwa makundi, magodoro vichwani. Mchana mmoja nikasikia hodi ninayoijua. Nilifungua nikamkuta kwenye ngazi na soksi, viatu mkononi, na nyuma yake mwanamke mdogo wa mwili ameshika furushi. Huyo hakuwa amevua. Hakuwa na nguvu za kuinama. Mzee akapiga magoti mbele yangu, akamfungua mke wake kamba za viatu, akamvua, akainuka.

"Mama Riziki, tunaomba pa kulala. Siku kidogo tu."

Sijawahi kuombwa kitu kilichonitia haya kama hicho. Nilimshika yule mama mkono nikamwingiza ndani, nikaanza kutoa mashuka kwenye kitanda chetu. Mzee akanizuia mlangoni mwa chumba.

"Apana. Chumba ni ya mupangaji. Mi nikitoa mupangaji mu chumba yake, nitakuwa mutu gani?"

Wakalala sebuleni, kwenye godoro letu jembamba la watoto. Mume wangu alimwambia, Mzee, hii ni nyumba yako. Akajibu kwamba mwezi huo yeye ni mgeni, na mgeni hapokei kodi. Aliomba ruhusa kuchota maji. Aliomba ruhusa kuwasha makaa. Nilipomwambia asiombe, aliomba msamaha kwa kuomba. Usiku yeye alilala pembeni, chini kabisa, ili mke wake apate godoro lote, na asubuhi nilimkuta ameshakunja kila kitu na kufagia, amekaa kwenye kiti cha mlangoni kama anayengoja zamu hospitalini.

Mke wake nilimpenda haraka. Alikuwa msafi wa kupitiliza: kitenge chake alikikunja chini ya godoro kila usiku ili kinyooke, na hata siku aliyokuwa na homa aliomba maji ya kunawa kabla ya kuomba dawa. Alikuwa akizungumza nami huku kiganja chake kinapapasa zulia, huku na huku, bila yeye kujua. "Ilichakaa," aliniambia, "lakini ingali laini." Nilimwambia ndoto yake imetimia, analala Mutanga. Nilikusudia kumchekesha. Alitabasamu kwa heshima tu, na nilijutia ulimi wangu siku nzima.

Tumbo lilikuwa linamwendesha, na halikusikia dawa tulizopata. Nikamhamishia kitandani kwangu kwa nguvu mchana, mumewe akiwa nje. Usiku alirudi kwa mumewe sebuleni, maana hakukubali kumwacha peke yake. Choo cha ndani hakikuwa na maji tangu vita, tulitumia cha uani, na milio ya risasi ilikuwa imekaribia, hakuna aliyefungua mlango wa nje giza likishaingia.

Asubuhi moja mapema nilisikia mtu anasugua. Nilipotokea sebuleni Mzee alikuwa amepiga magoti kwenye zulia, na sabuni yangu, na fulana yake mwenyewe aliyoigeuza kitambaa. Mke wake alikuwa ameshalazwa chumbani kwa watoto, ameugeukia ukuta. Mzee akaniona.

"Maji ilimwangika," akasema.

Harufu ilisema vingine. Mzee mwenye umri wa baba yangu, amepiga magoti mbele yangu akisafisha aibu ya mke wake. Kwetu mtu haoni jambo kama hilo; akiliona, ameliona vibaya. Nikasema, "Pole, Mzee," nikarudi jikoni, nikasimama pale nimeshika meza, sijui nifanye nini na macho yangu.

Ingeishia hapo kama si kwamba siku hiyo sala ilikuwa kwangu. Majirani wa shirika letu la kanisa tulikuwa tukisali pamoja kila wiki nyumba kwa nyumba, alasiri, kabla askari hawajaanza kuwafukuza watu barabarani, na zamu ilikuwa yangu. Hakukuwa na njia ya kuahirisha. Zulia lilikuwa bado limelowa, na katikati pamebaki alama ya mviringo, nyeusi kidogo, na sabuni haikuwa imeshinda ile harufu. Nilikwenda kutafuta mkeka. Niliporudi, wageni walikuwa tayari wanavua viatu, na Mzee alikuwa ameketi chini, katikati ya sebule, juu ya ile alama.

Viti vilikuwepo. Yeye aliketi chini, miguu ameikunja, mikono magotini. Kumwambia ainuke nitandike mkeka kungekuwa kumwonyesha kidole mbele ya watu. Mkeka nikaurudisha.

Tukasimama kusali. Yeye hakusimama. Kiongozi wa shirika, mtu mwenye heshima zake, akamwendea kumpa mkono, na Mzee akaupokea akiwa chini, akainamisha kichwa. Watu wakatazamana. Mtu aliyejulikana mtaa mzima kwa adabu, leo hainukii hata sala. Jasho lilikuwa linamshuka shingoni. Kisha nikamwona yule jirani wa ng'ambo ya barabara anainua pua, anavuta hewa, anageuka taratibu kutafuta inakotoka. Midomo yake ilikuwa imeshaanza kufunguka.

Nilikuwa natoka jikoni na bakuli kubwa la sombe, kisamvu cha kwetu. Nilikuwa nimeipika kwa mawese, kama kwetu, na samaki wakavu, na mafuta mekundu yalikuwa yameelea juu. Kila mpishi wa Kongo anajua kwamba mawese yakigusa nguo, nguo hiyo ni ya mawese mpaka mwisho. Nilijua hilo vizuri. Nikatembea hadi alipo Mzee, nikainama kama ninayetaka kumtengea yeye kwanza, kwa kuwa ndiye mkubwa, nikaliachia bakuli.

Sombe yote, mapajani mwake, magotini, juu ya zulia. Akaruka akasimama. Mafuta yakatambaa kwa raha zao, yakaijaza ile alama, yakaipita, na harufu ya samaki ikajaza nyumba.

Wote wakaganda, maana walimjua. Walikuwa wanangoja radi. Mzee akatazama chini, akaona nyekundu mahali pote, hakuna kingine kinachoonekana. Akanitazama. Nilimwona anaelewa.

"Mama Riziki!" akapaza sauti hadi mtoto wa mtu akaanza kulia. "Mawese! Mawese ju ya tapi yangu! Miaka yote ninawaambia! Hamuna macho? Watu gani nyinyi!"

Aliendelea kunifokea mbele ya shirika zima, na mimi nimeinamisha kichwa, mikono nyuma, nasema unisamehe, Mzee, unisamehe. Machozi yalikuwa yanamtoka huku anafoka, na wageni walidhani ni ya hasira. Jirani wangu alifumba mdomo kwa starehe. Alikuwa amepata kikubwa kuliko alichokuwa anakinusa. Kabla ya jua kuzama mtaa ulikuwa unajua kwamba Mkongomani amemwagia mawese tapi ya mzee wa watu.

Hatukulizungumza kamwe. Hali ilipotulia walirudi Cibitoke, na miezi michache baadaye yule mama akafa huko. Mzee aliendelea kuja kukagua, viatu mkononi. Alikagua pembe zote. Katikati hakukanyaga, alipazunguka, na hakuleta mkasi wala sindano yake. Doa lilibaki pale, pana, rangi ya matofali. Kila mgeni mpya aliuliza, na mimi nikajibu kwamba ni mimi, nilimwaga. Mwanzoni nilijibu kwa fahari ya siri. Miaka ikipita fahari ikaisha ikabaki aibu yake tu, kwa sababu mtu akikusema mchafu kwa muda mrefu, na wewe mwenyewe unakubali kwa mdomo wako, siku moja unajikuta unanusa nguo zako.

Kijana wao alirudi kutoka Ulaya wakati silaha zilipoanza kuwekwa chini. Alitaka nyumba. Alituambia kwa upole, akatupa muda. Tulipata nyumba ndogo mtaa wa Nyakabiga, ya mjane mmoja, na huko Bujumbura mwenye nyumba mpya humuuliza wa zamani kabla hajampa mtu funguo. Mjane huyu hakutosheka kuuliza, alikuja mwenyewe siku ya kukabidhi nyumba, aone tumeitunzaje. Alikuwa amekwisha kutuambia kwamba wapangaji wachafu hawataki. Asingetuchukua, mwisho wa mwezi tungekuwa barabarani na watoto, au turudi Uvira ambako bado walikuwa wanapigana.

Tulikuwa sebuleni watu watano: mume wangu na mimi, mjane, kijana, na Mzee, ambaye alikuwa amezeeka sana akakalishwa kwenye kiti karibu na mlango. Kijana hakuwa na shida na zulia. Alisema ataling'oa aweke vigae. Lakini alipofika katikati akasimama.

"Papa, hii ni nini?"

"Ni mawese," nikasema mimi. "Ni mi nilimwanga."

Akachuchumaa, akakwangua kwa ukucha. "Na haukusafisha?" Akamgeukia mjane, akitikisa kichwa. "Unaona, mama? Unapatia batu nyumba muzuri, banaifanya jikoni."

Mjane alitazama mikono yangu, kisha akatazama kitenge changu, kuanzia juu hadi chini. Mume wangu, ambaye nilimwambia ukweli siku ileile ya sombe, alikuwa anatazama nje ya dirisha, taya limemkaza. Na mimi nilimtazama Mzee. Nasema wazi, nilitaka aseme. Nilikuwa nimechoka.

Mzee akasema, bila kuinua sauti, "Chini ya mawese iko mama yako."

"Papa?"

"Vita ilitutoa kule Cibitoke. Tulilala hapa chini, mi na mama yako, kwa hawa batu. Tulikuwa tunakuandikia tuko salama. Akagonjwa tumbo. Siku moja akashindwa kufika inje. Mi nikaketi palepale ili batu basione. Huyu mama akamwanga chakula yake mbele ya kila mutu, akakubali nimutukane."

Kijana aligeuka rangi. Mikono yake ilikuwa bado juu ya doa. Akanitazama kwa mara ya kwanza kama mtu anayetazama mtu. "Mama, ni kweli?"

Nilichokitamani miaka yote kilikuwa mbele yangu, na nikakiona kilivyo. Nikamwona yule mwanamke aliyenyoosha kitenge chake chini ya godoro, sasa amewekwa wazi mbele ya mwanawe na mbele ya mjane asiyemjua, ili mimi nipate nyumba. Nikashindwa.

"Apana," nikasema. "Mzee anasahau. Miaka ni mingi. Ni mawese tu."

Mzee akajishika kwenye fremu ya mlango akasimama.

"Mama Riziki. Mi sisahau. Ulinisitiri, Mungu alikuona. Lakini unabeba haya yenye si yako, na unataka kuendelea nayo mpaka Nyakabiga. Nirudishie. Ni yangu na bibi yangu."

Sikuweza kumtazama. Nilimvunjia heshima mbele ya mwanawe nikidhani namlinda, na yeye alikuwa amejikusanya muda gani hadi kufika kwenye maneno yale. Nikasema kwa sauti ndogo, "Ni kweli."

Mjane alikwenda mlangoni akavaa viatu vyake. Alipomaliza akaniambia, kama anayeendeleza mazungumzo mengine, kwamba funguo nitazikuta kwake kesho, na kwamba uani kwake kuna bomba. Kisha akatoka.

Kijana alikuwa bado chini. "Alisema nini?" akaniuliza. "Mama. Ile siku. Alisema nini?"

Niliketi chini karibu naye, ingawa miguu yangu haikutaka, nikamwambia. Sauti ya baba yake ikiwa bado inavuma sebuleni, nilikuwa nimekimbilia chumbani alikolazwa mama yake, kumwomba radhi kwamba nimeiharibu tapi aliyoipenda. Yeye tapi hakuiuliza. Alijiinua kwa kiwiko, akanishika mikono yote miwili, akaigeuza huku na huku kwenye mwanga wa dirisha, akaniuliza kama sombe ilikuwa ya moto, kama nimeungua.